Saa Moja Chini ya Plasta

(Mhadhara uliotolewa Mnyambe, wilaya ya Newala)

 

Kabla sijasema mengi, namwomba mwalimu wa bayolojia aje hapa mbele anisaidie. Huu ni mkono wangu wa kushoto. Pale mezani kuna vikombe vitatu. Kimoja kina krimu ya ganzi iliyochanganywa lidokeini na prilokeini, asilimia mbili na nusu kila moja, ile ambayo watu wa hospitali wanaijua kwa jina la EMLA. Cha pili kina lidokeini peke yake, asilimia 4, iliyofungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta ili ipenye haraka. Cha tatu kina mafuta ya mgando, haya haya tunayowapaka watoto. Mwalimu atanipaka sehemu tatu, A, B na C, kwa mpangilio anaoujua yeye, na mimi nitageuka nisione. Atafunika kila sehemu kwa plasta ya nailoni, kisha ataandika saa ubaoni. Saa kumi na dakika tano. Asante, mwalimu. Tuuache mkono upumzike.

Pale mlangoni mzee mmoja alinishika bega akaniambia: "Mjukuu wangu, tumeacha kazi za mashamba tuje kusikia habari za ngozi, nawe unataka kutusomea mafuta ya watu wa saluni?" Nimemwomba akae mstari wa mbele, na ndiye huyu hapa. Babu, swali lako nimelichukua, na jibu langu linaanzia kwenye uso wa bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa na nembo, ile michoro ya kuchanjwa, usoni, na ndonya, kile kipambo cha kutoboa, kwenye mdomo wa juu. Vijana wengi mnaoketi hapa nembo mmeiona kwenye vinyago tu, kwenye mapiko yanayochezwa jando linapotoka, labda na kwenye uso wa bikizee mmoja au wawili waliobaki. Mjerumani Karl Weule, aliyetoka kwenye jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi mwaka 1906 kisha akapanda huku juu Newala. Akapiga picha nyuso za watu wetu, akanasa nyimbo zao kwenye mitungi ya nta, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Ukiziangalia picha zile unaiona michoro vizuri, mstari kwa mstari. Kilichokuwa kikiendelea wakati mstari unachorwa hukioni.

Bibi alinisimulia. Fundi alichanja kwa kisu kidogo, akafuta damu, akasugua masizi ndani ya chale mbichi. Kidonda kilipopona alirudi kuchanja palepale ili rangi ikolee. Shangazi yake alimkalia nyuma akamshika kichwa, na wenzake walikuwa wakiimba. Nilimuuliza kama iliuma. Alinitazama kwa muda, akasema, "Iliuma mpaka nikasahau jina langu, lakini shangazi alikuwa analitaja."

Siwaambii haya ili turudi huko. Walikuwapo waliooza nyuso kwa masizi machafu, walikuwapo walioota makovu ya keloidi yasiyokwisha, na walikuwapo mabinti ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka. Nayasema kwa sababu uwanda huu unaijua kazi ya kuipamba ngozi kwa maumivu kuliko mahali pengi duniani, na waliofanya kazi ile walikuwa na kanuni zao: muda wake, mtu wa kukushika, mtu wa kukutazama usoni unapobadilika rangi. Leo mabinti na vijana wetu wanakwenda Masasi, Mtwara na Dar es Salaam. Wanafutwa tatuu kwa leza, wanachomwa vijisindano usoni ili makovu ya chunusi yalainike, wanaondolewa nywele miguuni. Maumivu yamebaki, aliyekuwa akiwashika ameondoka, na mahali pake pamekaa krimu.

Nawaletea habari ya binti mmoja. Kijiji chake sikitaji, wala saluni aliyokwenda, wala mji. Alitaka kuondoa nywele miguuni kwa leza. Aliambiwa aje amekwisha kujipaka krimu ya ganzi, akauziwa kopo lisilokuwa na jina la mtengenezaji. Alijipaka kutoka kwenye nyonga hadi vifundoni, miguu yote miwili, akajizungushia nailoni ya kufunikia vyakula kama alivyoelekezwa, akajilaza kitandani peke yake chumbani. Baada ya muda midomo ikaanza kumwasha kama aliyekula pilipili. Akasikia ladha ya chuma ulimini, masikio yakavuma, mikono ikaanza kumrukaruka. Kilichomwokoa ni mwenzake aliyerudi kuchukua chaja ya simu. Yule mwenzake hakuwa muuguzi, lakini alichana nailoni, akamwogesha miguu kwa sabuni, akamkimbiza hospitali kwa bodaboda akiwa katikati yake na dereva. Yupo hai, ameniruhusu niyaseme haya, na ndiyo sababu nimekuja Mnyambe.

Wengine hawakupata mwenzao wa kurudi. Februari 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza tahadhari baada ya wanawake wawili vijana kufa kwa njia hiyohiyo: krimu ya ganzi miguuni kabla ya leza ya kuondoa nywele, nailoni juu yake, kisha degedege, kuzimia, kifo. Krimu zao zilichanganywa kwenye famasi, zikiwa na kiwango kikubwa sana cha dawa. Mwaka 2024, mwezi Machi, mamlaka hiyohiyo iliziandikia barua za onyo kampuni sita kwa kuuza dawa za ganzi za kupaka, nyingine zikiwa na lidokeini kupita asilimia 4, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kule kwa mtu kujinunulia bila cheti cha daktari. Miaka 17 imepita kati ya onyo la kwanza na hilo, na kosa ni lilelile.

Sasa wanafunzi wa hesabu nisaidieni. Asilimia moja ya dawa maana yake ni miligramu 10 katika kila gramu ya krimu. Kopo la gramu 30 lenye lidokeini asilimia 10 lina miligramu ngapi? Elfu tatu, vizuri. Daktari akimchoma mtu wa kilo 60 lidokeini tupu ya sindano, kipimo cha juu ni kama miligramu nne na nusu kwa kilo. Zidisheni. Mia mbili na sabini. Kwa hiyo binti aliyeshika lile kopo ameshika zaidi ya mara kumi ya kile ambacho daktari hathubutu kukivuka. Ni kweli kwamba dawa iliyopakwa haiingii yote mwilini. Ngozi ni ukuta. Lakini nailoni huulowesha ukuta huo na kuutia joto, eneo la miguu miwili ni kubwa, na muda ukiwa mrefu dawa huzidi kuingia. Linganisheni na tyubu ndogo ya EMLA ya gramu 5: ina miligramu 125 za lidokeini na 125 za prilokeini, basi.

Hapo ndipo ninapogombana na swali ninaloulizwa kila mara: "Daktari, krimu ipi kali kuliko zote?" Swali limekosewa mwanzoni. Ukali peke yake haukuambii kitu. Uliza ngozi ya mahali gani, eneo la ukubwa gani, na utasubiri kwa muda gani.

Lidokeini iligunduliwa Uswidi. Nils Löfgren aliitengeneza mwaka 1943, na mwenzake kijana, Bengt Lundqvist, akajichoma mwenyewe kuijaribu, kwa hiyo mkono wangu huu unafuata desturi ya zamani. Kazi ya dawa hizi zote ni moja. Ujumbe wa maumivu husafiri kwenye mshipa wa fahamu kwa chembe za sodiamu kupita kwenye vijilango vyake. Dawa huviziba vijilango hivyo kwa muda, na ujumbe haufiki. Ukiichoma kwa sindano inafika palepale kwenye mishipa, ganzi ndani ya dakika chache. Ukiipaka, inakutana kwanza na lile tabaka la juu la ngozi iliyokufa, kavu, yenye mafuta, ambalo Mungu ameliweka ili vitu visipite.

Kwa miaka mingi watu walipaka wakashindwa. Suluhisho lililotoka Uswidi katika miaka ya 1980 linanifurahisha kila ninapolieleza. Lidokeini ni unga mgumu, huyeyuka kwenye nyuzi 68. Prilokeini huyeyuka kwenye nyuzi 38 hivi. Zichanganye nusu kwa nusu, zote mbili zinayeyuka kwenye nyuzi 18 tu, zinakuwa mafuta bila kutiwa maji wala moto. Matone ya mafuta hayo yana dawa iliyokolea, ijapokuwa krimu nzima ni asilimia 5 peke yake. Hiyo ndiyo EMLA. Ni dhaifu kwa namba na hodari kwa kazi, ila inadai muda wake: saa nzima chini ya plasta, na ganzi inashuka kama milimita 3, saa mbili, milimita 5. Ukiifunua baada ya dakika 20 kwa sababu foleni ni ndefu, umempaka mtu mafuta ya bei ghali. Sehemu iliyopakwa hupauka kwanza, kwa ngozi zetu huonekana kama imeingiwa na majivu, halafu huwa nyekundu. Msishtuke, ni mishipa ya damu inajibana na kuachia.

Lidokeini ya asilimia 4 iliyofungwa kwenye vitone, kama hii niliyopakwa, huhitaji nusu saa hivi na si lazima ifunikwe. Kwa mama mwenye mtoto asiyetulia, au kwa kliniki yenye watu wengi, naipenda zaidi, na haina prilokeini, jambo nitakalolirudia sasa hivi. Iko pia jeli ya tetrakeini, nayo ni asilimia 4. Huchukua dakika 30 hadi 45, na ganzi yake hukaa saa nne mpaka sita, muda ambao hizo nyingine hazifiki. Ubaya wake ni kwamba ukoo wa tetrakeini huleta mzio mara nyingi zaidi kuliko ukoo wa lidokeini. Ipo hata ile inayochanganya lidokeini asilimia 7 na tetrakeini asilimia 7, inayokauka juu ya ngozi kuwa utando unaobanduliwa kama ganda. Nusu saa inatosha kwa leza nyingi, na kwa kufuta tatuu ni saa nzima. Hiyo ni ya kushikwa na daktari, isikae kwenye droo ya saluni.

Mwalimu, saa ngapi? Kumi na ishirini na tano. Dakika 20. Sihisi kitu cha ajabu popote. Endelea kutunza saa.

Nimesema nitarudi kwenye prilokeini. Akina mama, hapa naomba masikio yenu. Prilokeini ikizidi mwilini huigeuza damu rangi ya kahawia, ikashindwa kubeba hewa safi. Mtoto anakuwa bluu midomoni na kwenye kucha. Watoto wachanga wako hatarini zaidi, kwa sababu damu yao bado haina nguvu ya kujirekebisha. Na iko hatari inayotuhusu sisi tunaoishi na malaria. Upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD upo kwa wingi katika nchi za malaria, na mwenye upungufu huo asipakwe EMLA ovyo. Tena, mtoto mchanga anayetumia dawa za salfa, kama yule anayepewa Septrin ya maji kliniki, asipakwe kabisa. Nasema hivi kwa sababu nimeona akina mama wakiinunua ili mtoto atogwe masikio bila kulia. Moyo wa mama ninauelewa. Lakini kilio cha kutogwa ni cha dakika moja, na ukimnyonyesha palepale atanyamaza. Ukitaka awe mkubwa kidogo ndipo umtoge, hakuna atakayekulaumu.

Kuhusu ngozi nyeusi nina neno. Mwaka 1986 huko Marekani ilichapishwa taarifa iliyoonyesha kwamba mchanganyiko wa dawa hizi ulifanya kazi kwa kiasi kidogo zaidi kwa watu weusi, na ikadhaniwa ni kwa sababu tabaka letu la juu limeshikamana zaidi. Mimi sioni humo sababu ya kuongeza makali. Naona sababu ya kutopunguza dakika, kwa sababu mtu wetu akisema "bado nasikia" mara nyingi huambiwa anajilegeza.

Na hapo hapo kuna ngozi ya kinyume chake. Aliyetumia mkorogo miaka miwili mitatu, wenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, ukuta wake umeshakwanguliwa. Vitu hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania, lakini sote tunajua vinavyoingia. Ngozi iliyokonda hupitisha dawa haraka na kwa wingi. Kwa hiyo dada, ukienda mahali pa kufanyiwa kazi ya uso, sema kweli kuhusu ulichokuwa unapaka. Huyo mhudumu hakutafutii aibu, anatafuta kipimo. Na asipokuuliza kabisa, ondoka.

Kuna sehemu ambazo krimu zote hizi hazisaidii sana. Viganja na nyayo ni nene mno. Keloidi nayo: wengi mnakuja kwa sindano za kuilainisha, na mnalia. Maumivu yale ni ya dawa kulazimishwa ndani ya kovu gumu, krimu haifiki huko. Mwombeni daktari achanganye lidokeini kwenye sindano yenyewe, na mshike barafu palepale kabla ya kuchomwa. Barafu! Watu wanaidharau kwa sababu ni ya kawaida. Kwa kuchomwa kwa haraka kama kutogwa, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika moja au mbili inafanya kazi nzuri, na hakuna kipimo cha kuua. Inaisha upesi, ndiyo, lakini kutogwa pia kunaisha upesi.

Kijana wa nyuma ameandika swali kwenye karatasi: je, tatuu inaweza kufutwa kwa mafuta ya ganda la korosho, kama anavyofanya rafiki yake? Mwanangu, waangalie vidole akina mama waliobangua korosho kwa mikono. Mafuta yale yanaunguza. Yataiondoa ngozi na wino pamoja, na badala ya mchoro atakuwa na kovu la kudumu, pengine keloidi. Na tafadhali mwambie asipake krimu ya ganzi kwanza ili asisikie moto. Maumivu yale ndiyo kitu pekee kinachomwambia aache.

Ukitaka kuinunua krimu hii kwa kazi halali, nunua iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa hapa nchini, yenye jina la dawa, asilimia, na tarehe ya kuisha. Muulize mfamasia uipake eneo gani na kiasi gani. Ngozi iwe nzima, isiwe na kidonda. Isiguse macho, inaweza kukwangua jicho bila wewe kusikia. Usiweke joto juu yake. Na usikae peke yako: aliye nawe ajue kwamba midomo ikiwasha, masikio yakivuma au maneno yakiburutika, krimu inafutwa hapo hapo na mgonjwa anakwenda hospitali.

Kumi na arobaini. Dakika 35. Mwalimu, chukua sindano mpya, uchome kidogo A. Naam, hiyo nimeisikia vizuri, hayo bila shaka ni mafuta ya mgando. C. Umeshachoma? Choma tena. Nasikia kitu kimegusa, hakiumi. B, fungua pembe tu ya plasta. Hiyo inauma, lakini kwa mbali, kama mtu anaita kutoka ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo C ni lidokeini ya asilimia 4, na B ni EMLA. Mwalimu anaitikia kwa kichwa, nimepatia. Sasa tazameni: kama hapa ingekuwa saluni yenye haraka, mhudumu angesema B haifanyi kazi, angepaka nyingine juu yake, kisha nyingine tena. Mwalimu, rudisha plasta.

Tutapokea maswali mpaka saa kumi na moja na dakika tano. Mama mmoja ameniuliza kando kama bibi yangu angekubali kupakwa krimu hii siku ya nembo yake. Nimelifikiria. Uso una ngozi nyembamba, ingemsaidia kwa chale za juujuu. Masizi kwenye kidonda yangemuuma jioni hata hivyo, na krimu haipakwi kwenye kidonda. Nadhani angeipokea. Ila shangazi yake nisingemtoa pale nyuma.

Babu, wewe uliyeniuliza mlangoni, usiondoke. Saa ikitimia nataka uje uchome B kwa mkono wako. Sindano nyingine iko kwenye bahasha, uifungue mwenyewe.